Wete saa tatu, Maskati saa ngapi? Maswali ya wasomaji na majibu yake

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: saa za huku kwetu Zanzibar na saa za jamaa zetu walioko Maskati, Omani. Tumechagua zilizobeba maswali ya wengi, na mbili za mwisho zinazotoka nje kidogo ya njia hiyo.

Asalaam aleikum. Mwanangu anafanya kazi Maskati, mimi nipo Wete, Pemba. Tuliagana anipigie kila Jumatatu saa tatu usiku. Wiki iliyopita simu imelia saa nane za usiku, nikaamka nikijua ni habari ya msiba. Yeye anashikilia kuwa kapiga saa tatu kama tulivyoagana. Nani kakosea?
*Mama wa Wete*

Waaleikum salaam, mama yetu. Pole kwa mshtuko. Mwanao hakusema uongo. Kapiga simu yake ilipoonyesha 3:00, na hiyo kwa hesabu yetu ni saa tisa za usiku. Maskati iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja mwaka mzima, kwa hivyo saa tisa zake ndiyo saa nane zako. Hapo yameingia makosa mawili kwa pamoja: kahesabu saa kwa mtindo wa simu, na kasahau kuwa saa yake na yako hazilingani.

Makosa ya aina hii hujulikana kwa ukubwa wake, na ni vyema kila nyumba yenye mtu ng'ambo ikalijua hili. Tuchukue ahadi yenu hiyohiyo: saa 3:00 usiku za Wete, yaani 21:00 kwa simu ya Wete na 22:00 kwa simu ya Maskati. Akipiga na kwako ikawa ndiyo kwanza saa mbili, kakosea kwa saa moja: kafuata saa ya Maskati akidhani mnatumia moja. Akipiga saa moja usiku, magharibi imeswaliwa na isha bado, kakosea kwa saa mbili: alikumbuka tofauti lakini badala ya kuongeza, kapunguza. Akikosea kwa saa sita, tofauti ya miji kaijua vizuri, ila "saa tatu" kaisoma kama 3:00. Na akikosea kwa saa tano, kama ilivyokutokea, yamekutana yote.

Vijana waliozaliwa kule, au waliokaa sana, huhesabu saa kwa Kiarabu na Kiingereza, na wanapozungumza Kiswahili huileta hesabu hiyo bila kutambua. Kwa hivyo usimuulize tu "saa ngapi?" Muulize simu yake itaandika nini.

Kubadilisha si kazi. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa nne asubuhi ni 10:00, saa kumi jioni ni 16:00. Saa za usiku kuanzia saa moja hadi saa tano, ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni 20:00. Saa sita usiku ni 00:00. Kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri, punguza sita: saa kumi na moja ni 5:00. Ukishapata namba hiyo ndipo uongeze saa moja ya Maskati, na utaratibu huu usiugeuze. Wanaochanganyikiwa wengi ni wale wanaojaribu kufanya yote kwa mkupuo mmoja kichwani. Mwenye saa ya mishale hana haja ya hesabu: mshale mfupi ukielekea 9, namba iliyo mkabala wake upande wa pili ni 3, na hiyo ndiyo saa yetu.

Mnapoandikiana, andikeni zote mbili kwa pamoja: "Jumatatu saa 3:00 usiku Wete, 22:00 Maskati." Ujumbe wa namna hii haukoseki.

Ila tungekushauri uisogeze ahadi yenyewe. Saa tatu yako ni saa nne usiku kwake, na mtu wa Maskati huamka mapema kuliko sisi tunavyodhani. Mwezi wa Juni alfajiri yao huingia kabla ya 4:00. Wete magharibi huingia kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni kulingana na mwezi, na isha hufuata baada ya saa moja na dakika chache. Ikifika saa 2:15 usiku umeshaswali na umeshatulia, na kwake ni 21:15. Kati ya hapo na saa tatu ndiyo nafasi nzuri kwenu nyote wawili.

Msimu wa karafuu nao una mambo yake. Zilizochumwa mchana huchambuliwa usiku, karafuu upande huu na makonyo upande ule, ili asubuhi zianikwe majamvini. Mikono haina nafasi ya kushika simu. Mwambie mwanao apige palepale mkiwa kwenye uchambuzi, simu iwekwe sauti ya nje ukingoni mwa jamvi, na nyumba nzima izungumze naye. Kwa aliye mbali hayo ndiyo mazungumzo yenye ladha, kwa kuwa anasikia kila mtu, hata anayegombana na mwenzake juu ya pishi.

Ramadhani inapoangukia Februari, ndugu zetu wa Maskati hufuturu sisi tukiwa bado tuna saa moja na zaidi ya nusu. Kama tofauti ni saa moja, hizo dakika nyingine zinatoka wapi? Na mbona sikukuu yetu na yao mara nyingine huangukia siku tofauti?
*Msomaji wa Chake Chake*

Zinatoka kwenye jua. Saa ya ukutani imepangwa na serikali, na kila nchi imechagua namba yake: Tanzania imo katika saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, Omani saa nne. Jua halifuati mpango huo.

Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au dakika nne kwa kila nyuzi. Pemba iko karibu na nyuzi 39.7 mashariki, Maskati karibu na 58.4. Kati yao pana nyuzi 18.7, na ukizizidisha kwa nne unapata dakika 75. Kwa hivyo jua hufika katikati ya mbingu ya Maskati saa moja na robo kabla ya kufika kwetu, mwaka mzima. Hiyo robo ndiyo ya kwanza katika dakika unazozitafuta.

Zilizobaki zinaletwa na kaskazini na kusini ya ramani. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, na mchana wetu haubadiliki sana, tofauti ya mrefu na mfupi haizidi dakika arobaini. Maskati iko nyuzi 23.6 kaskazini, karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, mstari wa mwisho wa kaskazini ambako jua hufika utosini. Kule mchana wa Disemba ni wa kama saa kumi na dakika arobaini, na wa Juni unapita saa kumi na tatu na nusu.

Angalia linalotokea. Katikati ya Februari jua la Pemba linatua karibu saa 12:43 jioni. La Maskati linatua karibu saa 12:01 kwa saa yao, ambayo kwa saa ya Pemba ni 11:01. Hapo ndipo unapopata saa moja na dakika arobaini. Mwishoni mwa Disemba pengo hufika saa mbili na dakika chache. Njoo sasa Juni: Maskati linatua karibu saa 12:55 yao, saa 11:55 yetu, na Pemba karibu saa 12:18. Pengo limebaki dakika ishirini na tatu hivi. Miji ni ileile, saa za ukutani ni zilezile, lakini pengo la magharibi limetoka dakika ishirini na kitu hadi saa mbili. Asubuhi mambo hupinduka: Juni wao huona jua saa mbili kabla yetu, Disemba dakika ishirini na kitu tu.

Ndiyo maana tunasisitiza: nyakati za sala za mji mmoja hazipatikani kwa kuongeza au kupunguza saa moja kwenye ratiba ya mji mwingine. Anayefunga kwa ratiba ya Maskati "kasoro saa moja" akiwa Pemba, katika Februari atafuturu kabla jua halijatua, na funga yake itaharibika. Tunawakuta zaidi wasafiri waliorudi likizo wakiwa na programu ya sala kwenye simu ambayo bado imefungwa kwenye mji walikotoka. Fungua mipangilio ya programu, hakikisha jina la mji ni Wete, Chake Chake au Zanzibar, na hakikisha ruhusa ya kujua ulipo imewashwa. Katika mipangilio hiyohiyo kuna mahali pa kuchagua madhehebu kwa ajili ya alasiri. Ikichaguliwa ya Kihanafi, alasiri itachelewa kwa karibu saa nzima ukilinganisha na misikiti yetu, ilhali magharibi haitabadilika. Watu wengi hudhani programu imeharibika.

Kuhusu sikukuu kuangukia siku tofauti, hilo halitokani na saa moja. Omani hutangaza mwandamo wake, na huku Afisi ya Mufti hutangaza wa kwetu. Jua letu likitua baada ya lao, mwezi unakuwa umezidi umri kidogo na umejitenga na jua kidogo zaidi, kwa hivyo inawezekana kabisa ukaonekana huku na kule usionekane.

Nina duka Mlandege na naagiza mzigo kutoka Maskati. Nikiwapigia Ijumaa hawapokei, wao wakinipigia Jumapili mimi nimelala. Siku gani hasa za kufanya kazi?
*Mfanyabiashara, Unguja*

Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alkhamisi. Hizo nne tu ndizo siku ambazo pande zote mbili zimefungua kikamilifu.

Mapumziko ya wiki Omani ni Ijumaa na Jumamosi, tangu 2013; kabla ya hapo yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, na wazee wa biashara wengine bado wanaikumbuka hesabu ile. Wiki yao ya kazi inaanza Jumapili. Sisi tunapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa yetu kwa kweli ni nusu siku, maana kuanzia saa tano watu wanajitayarisha na sala. Barua uliyoituma Alkhamisi jioni itasomwa Jumapili, wewe utaona jibu Jumatatu, na kila mmoja atamlaumu mwenziwe kwa uvivu. Tuma kabla ya Alkhamisi saa nne asubuhi.

Kama unafanya kazi na Dubai pia, usiwachanganye. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, na Ijumaa ni nusu siku, isipokuwa Sharjah ambao hupumzika siku tatu kuanzia Ijumaa. Saa ya Dubai na ya Maskati ni moja, wiki zao ndizo mbalimbali.

Katika siku hizo nne, afisi zao wapigie kati ya saa mbili na saa tano asubuhi za Unguja, ambayo kwao ni kuanzia 9:00 hadi 12:00. Afisi za serikali kule huanza asubuhi na mapema na kufunga mchana. Ukingoja umalize shughuli za duka, unywe chai, kisha upige saa nane, utakuta simu inalia peke yake. Maduka ni habari nyingine: mengi ya sokoni hufunga mchana na kufungua tena baada ya alasiri, hadi saa tatu au nne za usiku. Mwenye duka Matrah, mtaa wa soko la Maskati, utampata saa kumi na mbili jioni yako kuliko saa saba mchana.

Na malipo ya benki yaliyotumwa Ijumaa asubuhi kutoka huku usiyahesabu kuwa yamefika hadi wiki ijayo, hata kama risiti yako ina tarehe ya Ijumaa.

Binti yangu anaolewa Maskati mwezi wa Juni. Tunaambiwa mchana huko hakuna mtu njiani. Ni kweli? Ajitayarishe vipi?
*Mzazi, Wete*

Ni kweli, na Juni ni mwezi wa kuyaona hayo waziwazi. Wete wakati huo tuko kwenye kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na usiku mtu anatafuta shuka. Maskati joto linapita nyuzi 40 mara kwa mara, na milima ya mawe iliyouzunguka mji huendelea kutoa joto hata jua likishatua. Sheria ya Omani inakataza kazi za nje za ujenzi kati ya 12:30 na 15:30 kuanzia Juni hadi Agosti. Saa hizo, ambazo kwetu ndizo za kutoka skuli na kwenda dukani kwa miguu, kule mtu yuko ndani.

Kwa hivyo siku ya Maskati imekatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza huanza alfajiri na kinakwisha adhuhuri. Cha pili huanza baada ya alasiri, kinapamba moto baada ya isha, na watoto wadogo utawaona ufukweni Matrah saa nne usiku. Aliyezoea Wete, ambako saa tatu usiku njia ya kuelekea bandarini imeshakuwa kimya, atahisi kuwa mji mzima umekosa usingizi. Mwambie alale mchana kama wanavyolala wenyeji. Bibi harusi anayekataa usingizi wa mchana wiki ya kwanza huwa hoi ifikapo magharibi, na wageni ndio kwanza wanaanza kubisha hodi.

Jambo la pili ni masafa. Wete mtu anatoka nyumbani, sokoni, msikitini, hospitali, vyote kwa miguu yake. Maskati ni mji mrefu uliotandazwa kati ya bahari na milima, kutoka Matrah hadi Seeb ni mwendo wa gari wa makumi ya kilomita, na nyumba zake ni nyeupe na fupi, zinafanana. Bila gari au mtu wa kumpeleka, atakaa ndani. Hili ndilo linalowaliza mabinti zetu wengi zaidi kuliko joto, na ni la kuzungumzwa na mume kabla ya ndoa: nani atampeleka, siku gani, na kama atajifunza kuendesha.

Lugha haitampa shida kubwa. Wako Waomani wengi wenye asili ya huku wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na sokoni haipiti siku asisikie mtu akisalimia kwa Kiunguja. Disemba hadi Februari atapata hali ya hewa nzuri kuliko yetu, wakati sisi tunatoka jasho kwenye kaskazi. Kama mnataka kwenda kumtembelea, nendeni miezi hiyo.

Tikiti yangu imeandikwa "Ijumaa 02:30". Niende kiwanjani lini?
*Msafiri, Mkoani*

Alkhamisi usiku. 02:30 ni saa nane u nusu za usiku wa kuamkia Ijumaa, ule ambao wazee wetu huuita usiku wa Ijumaa. Ukienda Ijumaa usiku utakuwa umechelewa kwa karibu siku nzima, na tikiti nyingi za bei nafuu hazirudishi pesa. Uwe kiwanjani saa tatu kabla, yaani Alkhamisi saa 5:30 usiku. Kwa kuwa unatoka Pemba, vuka kwa boti siku ya Jumatano. Bahari ikichafuka boti huahirishwa, na ndege ya kimataifa haimngoji abiria wa Mkoani.

Saa zote kwenye tikiti ni za mji husika. Ukiona umeondoka Zanzibar 02:30 na kufika Maskati 08:45, safari si ya saa sita na robo, ni ya tano na robo. Wakati wa kurudi fanya kinyume, ongeza.

Ukishuka, usibadilishe saa ya simu kwa mkono. Ukiongeza saa moja kwa mkono huku simu ikibaki katika ukanda wa Zanzibar, simu itaamini kuwa ni saa moja mbele ya ukweli, na baadhi ya programu, hasa za benki, zinaweza kugoma. Ingia Mipangilio, kisha Tarehe na saa, washa saa za eneo zijiweke zenyewe. Zikikataa, chagua Muscat kwa jina. Ukirudi, jina la Zanzibar mara nyingi halimo kwenye orodha. Chagua Dar es Salaam au Nairobi, saa ni moja.

Na sisi wenye watu London? Mbona mara ni saa tatu, mara mbili?
*Msomaji wa Ng'ambo, Unguja*

Kwa sababu Waingereza husogeza saa zao, sisi hatusogezi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi wako nyuma yetu kwa saa mbili. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tatu. Mabadiliko hufanyika kwetu ikiwa saa kumi alfajiri, basi simu ya Jumapili hiyohiyo iwe kwa hesabu mpya. Toronto ni saa saba wakati wa joto na nane wakati wa baridi, lakini wao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwenye mtoto mmoja London na mwingine Toronto, na simu ya familia ya pamoja, azitie alama kwenye kalenda Jumapili zote nne.